Mwenye Kelele Ndiye Hununuliwa Laptopu

Kwa nyumba nyingi hapa Nairobi laptopu hununuliwa hivi. Pesa imeingia, labda mama amepata mkopo wa sacco, labda zamu yake ya chama imefika. Kijana wa nyumba, ambaye ametazama video za YouTube wiki mbili mfululizo, anatangaza kwamba lazima iwe Core i7. Hakuna wa kumpinga juu hakuna mwingine anayejua Core i7 ni nini. Wanaenda tao, wananunua moja, pesa inaisha. Mama anaambiwa "hii ni yetu sote." Mwezi mmoja baadaye hiyo mashine yetu sote iko na nenosiri analolijua mtu mmoja.

Mimi nina shida na hiyo stori yote, kuanzia Core i7 hadi "yetu sote". Na najua watu wa gemu watanijia kwa maoni hapo chini. Kujeni tu.

Wacha tuchukue familia mnayoijua, hata kama si yenu. Mama anashona yunifomu za shule, ana kibanda na cherehani mbili. Binti mkubwa ameingia chuo kusomea ualimu. Kijana amemaliza fomu foo, yuko nyumbani, anataka kuwa "kriyeta" kama mimi. Mdogo wao yuko Grade 7. Shosho yuko shags. Kuna 65,000, na haitaongezeka. Kijana anataka 60,000 iende kwa mashine moja.

Kwanza tumalizane na hiyo Core i7. Stika ya i7 haikuambii mashine ina nguvu kiasi gani. Kinachokuambia ni namba inayofuata, ile ambayo muuzaji hasomi kwa sauti. Ukiona i7-3520M, hiyo 3 ya mwanzo inamaanisha kizazi cha 3, chip ya mwaka 2012 yenye viini 2. Ukiona i5-8250U, hicho ni kizazi cha 8, mwaka 2017, viini 4. Hiyo i5 itaiacha hiyo i7 mbali sana, na haitamaliza betri kama mtu mwenye kiu. Lakini pale dukani zimepangwa pamoja, na yenye jina kubwa inaweza kuwekewa bei ya juu juu wateja wanaulizia jina. Kwani nani hununua gari kwa kusoma tu "Toyota" bila kuuliza ni ya mwaka gani?

Kizazi cha 8 si namba niliyoitoa kwa hewa. Microsoft iliacha kuitunza Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inahitaji chip za Intel za kizazi cha 8 kwenda juu, pamoja na kitu kinaitwa TPM 2.0. Ndiyo kuna njia za mkato za kuilazimisha kwa mashine ya zamani, na wauzaji wanazijua. Mashine itawaka, itakuonyesha Windows 11 safi, wewe unatabasamu, halafu siku moja sasisho kubwa linakataa kuingia. Ndiyo maana ukiona laptopu za ex-UK za kizazi cha 6 zimeshuka bei hivyo, usidhani muuzaji amekupenda. Maofisi ya huko nje yanazitoa, na lazima ziende mahali.

(By the way, angalia kibodi. Kama juu ya 3 kuna alama ya pauni, hiyo kweli ilikuwa ya Uingereza. Kama kuna ile alama ya reli, #, labda ni ya Marekani. Haina ubaya wowote, ila ujue neno "ex-UK" siku hizi ni kama "original".)

Sasa turudi kwa hiyo 65,000.

Binti wa chuo ndiye anayebeba mashine kila siku kwenye matatu, anaingia darasani ambapo soketi ni mbili na wanafunzi ni mia. Kazi yake ni kuandika, kusoma PDF, kufungua vichupo ishirini na kutengeneza slaidi. Hahitaji nguvu za ajabu. Anahitaji uzito mdogo, betri inayodumu na mashine itakayofika mwaka wa nne. Mpe laptopu ya ofisi ya inchi 14, kizazi cha 8, RAM ya GB 8, SSD ya GB 256. ThinkPad T480 ni mfano mzuri, na betri yake ya nyuma inachomoka ukibonyeza vishikio viwili, hauhitaji fundi. Tenga 32,000 hapa, na hapa usibanie. Laptopu ya chuo ikifa wiki ya mitihani hakuna mtu nyumbani anayeisikia kama yeye.

Halafu mama. Hapa ndipo nataka tukae kidogo.

Familia nyingi zinaamini mama hahitaji kompyuta. Ana simu, ana WhatsApp, inatosha. Lakini tazama kazi yake. Shule ikimpa oda ya yunifomu inataka bei kwa maandishi. Ikilipa inataka ankara ya eTIMS, juu tangu Januari 2024 KRA inataka gharama za biashara ziwe na ankara ya kielektroniki. Kila Juni lazima awe amefaili iTax. Akitaka mkopo anaitishwa taarifa ya M-Pesa ya miezi sita, na hiyo inakuja kama PDF yenye namba ya siri. Baadhi ya hizi unaweza kuzifanya kwa simu, sikatai. Jaribu wewe kwanza kujaza fomu ndefu kwa skrini iliyopasuka pembeni, macho ya miaka 50, wateja wamesimama mlangoni.

Kwa hivyo anafanya nini? Anaenda cyber. Anampa kijana asiyemjua PIN yake ya KRA, nenosiri la iTax, wakati mwingine na la barua pepe, yameandikwa kwa kikaratasi. Kijana wa cyber anayaweka kwa kitabu "ili mama usisumbuke next time". Huyo ndiye mtu anayeleta hizo 65,000 nyumbani, na siri zote za biashara yake ziko kwa kaunta ya mtu mwingine, huku sebuleni kuna Core i7 inacheza FIFA.

Yeye hahitaji laptopu nyepesi. Haiendi popote. Anahitaji skrini kubwa, ile ya inchi 15.6, na kibodi yenye namba upande wa kulia kama kikokotoo, juu kazi yake ni hesabu. Hata kama betri imechoka kidogo si neno. Unaweza kupata kompyuta ya mezani ya ofisi kwa bei ya chini zaidi, lakini stima ikipotea katikati ya kazi utalia, na ukinunua UPS ile tofauti ya bei imeliwa. Mtengee 24,000, akaunti yake, nenosiri lake. Na mtu wa nyumbani, si cyber, akae naye Jumamosi mbili amfundishe lahajedwali. Usimnyang'anye maus. Mwache akosee polepole.

Tumefika 56,000. Kijana ameanza kununa.

Mdogo wa Grade 7 ni rahisi. Kazi zake za shule ni kutafuta habari, kuandika kidogo, kutazama video. Chromebook ya mtumba inatosha, na ziko nyingi mjini kwa bei ya simu ndogo. Lakini kila Chromebook ina tarehe ambayo Google inaacha kuipa masasisho, na nyingi zinazofika hapa zimeshapita hiyo tarehe au zimebakisha miezi. Fungua mipangilio palepale dukani, nenda sehemu ya kuhusu ChromeOS, utaiona. Au basi, kama kuna laptopu ya zamani nyumbani ambayo kila mtu ameikatia tamaa, weka SSD ndogo na Linux Mint, ambayo ni ya bure na inakuja na LibreOffice ndani. Mtoto wa miaka 12 hatalalamika. Watu wazima ndio hulalamika kwamba kitufe kimehama.

Shosho hahitaji kompyuta. Najua kuna mtu anataka kumnunulia tableti ili aonekane mtoto mzuri. Shosho anataka kuona nyuso za wajukuu na kusikia vizuri. Ongeza ukubwa wa herufi kwa simu aliyonayo, mtumie bando kila mwezi, mpigie.

Na sasa wewe, bro. Kriyeta.

Naongea na wewe kama mtu wa hii kazi. Video za dakika moja zinahaririwa kwa simu. Watu wengi mnaowatazama hapa wanafanya CapCut wakiwa wamelala kitandani. Kinachowakosesha watazamaji ni sauti mbaya, taa mbaya, na kutokuwa na la kusema, na hakuna i7 inayotibu hiyo ya mwisho. Chukua kitu kidogo kwa zile 9,000 zilizobaki, maiki ya kubana shatini na stendi ya simu, halafu pesa inayobaki mpe mdogo wako anunue ile Chromebook au SSD. Ukipata kazi ya kulipwa inayohitaji mashine kubwa, hiyo kazi ndiyo itakayoinunua. Na kama shida yako kweli ni gemu, sema tu gemu. Ni hitaji halali, ila haliwezi kusimama mbele ya ankara za mama.

Nimesikia hoja ya upande mwingine: nunua moja kali, itadumu, wote watumie kwa zamu. Kwa karatasi iko sawa. Nyumbani zamu haipo. Dada ana kazi ya kuwasilisha usiku wa manane, mama anafaili usiku huohuo, na kijana "anamalizia tu". Anayeshinda ni mwenye sauti kubwa, na mara nyingi sana, tuseme ukweli, ni mvulana. Msichana anaambiwa aende maktaba na mama anarudi cyber.

Kuna pia wale wa lipa polepole. Piga hesabu kabla ya kusaini. 1,000 kwa wiki inasikika kama kitu cha kawaida, lakini kwa wiki 52 ni 52,000, na hapo hujahesabu ile ya kuanzia. Kwa hiyo pesa tumeshanunua ya dada na karibu ya mama nzima.

Mkienda tao, mama na dada waende, si kijana peke yake. Zungukeni Moi Avenue na Luthuli bila kununua chochote saa ya kwanza. Kabla ya kulipa, mwambie muuzaji aifute mashine na kuianzisha upya mbele yenu. Ikiwaka na kukukaribisha kwa jina la kampuni fulani ya ng'ambo, bado imefungwa na wenyewe, rudisha. Ikiitisha nenosiri ukijaribu kuingia BIOS, rudisha. Ikiwa Windows imewashwa kwa programu ya wizi, muulize leseni iko wapi, juu hiyo programu inaweza kuja na wageni wengine, na hapo ndipo mama ataandika nenosiri la iTax.

Mwisho, betri. Fungua ile skrini nyeusi ya amri, andika powercfg /batteryreport, kisha ufungue faili inayotengenezwa. Itakuonyesha betri ilikuwa na uwezo gani ikitoka kiwandani na ina uwezo gani leo. Ukiona 50,000 mwanzoni na 21,000 leo, hiyo si ya dada. Ombeni ibadilishwe au bei ishuke, muandikiwe risiti yenye namba ya mashine na muda wa waranti, na msiondoke na "tutaongea tu kwa simu".