Kodi ya Pango Siyo Gharama Yote ya Nyumba



Katika familia nyingi za Kasulo yupo mtoto aliyekwenda Mwanza, Kahama au Dar es Salaam, na yupo mwingine anayejiandaa kuondoka. Jioni wazazi huzungumza naye juu ya mshahara na kodi ya chumba. Afya haitajwi. Lakini nyumba hulipiwa mara mbili: kwanza kwa fedha, halafu kwa mwili.

Tuanze na mjini. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika Mkoa wa Dar es Salaam. Wengi wao wanaishi katika mitaa iliyojengwa bila mpango, kama Manzese na Tandale. Mpangaji hupata chumba kimoja na choo cha kushirikiana, na mara nyingi mwenye nyumba hudai kodi ya miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo. Tuseme chumba ni shilingi 50,000 kwa mwezi. Kijana atatoa 300,000 kabla hajanunua hata godoro. Bado maji ya dumu, mkaa, umeme na nauli. Akitafuta chumba cha bei nafuu pembezoni mwa mji, nafuu hiyo huliwa na daladala, na usingizi wake pia, maana huondoka alfajiri na kurudi usiku.

Mwili nao hudaiwa. Kifua kikuu huenea kwa hewa. Mgonjwa mmoja akikohoa katika chumba kilichozibwa, wanaolala naye huvuta vijidudu usiku kucha. Choo kikifurika wakati wa masika, uchafu huingia kwenye maji. Kipindupindu kilicholipuka Dar es Salaam mwezi Agosti 2015 kilisambaa hadi mikoa mingi ya nchi yetu.

Je, basi afya iko kijijini? Tusijisifu haraka. Ni kweli kwamba wengi wetu hatulipi kodi, tuna uwanja, tuna migomba na hewa ya vilima. Lakini hewa hiyo nzuri tunaiacha nje. Ndani tunapikia kuni juu ya mafiga matatu, na dirisha ni tundu dogo kwa kuogopa baridi na wezi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa moshi wa majumbani ulichangia vifo milioni 3.2 duniani mwaka 2020. Wanaouvuta zaidi ni mama na mtoto aliye mgongoni, na kwa mtoto huyo moshi huongeza hatari ya nimonia.

Tena kuna gharama ya umbali. Mama akishikwa na uchungu usiku, lazima utafutwe usafiri wa kumfikisha Murgwanza au Rulenge. Akihitaji hospitali ya rufaa ya Bugando, safari ni ya kwenda Mwanza. Anayeishi Mwanza ana Bugando karibu, na hilo ni jambo kubwa.

Kwa maoni yangu, kuuliza tu “mjini au kijijini?” hakutoshi. Sisi wa Kasulo tunapaswa kulijua hilo kuliko wengine. Mwishoni mwa Aprili 1994, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa kama siku moja wakikimbia Rwanda, na hapa Benako ukazaliwa mji wa mahema uliodumu hadi Desemba 1996. Mwezi Julai 1994 wengine walikimbilia Goma, nchini Kongo, iliyoitwa Zaire wakati huo. Huko ardhi ni mwamba wa volkano, vyoo havikuchimbika kwa urahisi, na maji yalichotwa Ziwa Kivu bila kutibiwa. Kipindupindu na kuhara damu viliua watu maelfu kwa maelfu. Penye watu wengi, uhai hutegemea maji safi, choo na nafasi ya kupumua.

Leo Benako ni njia panda ya malori yaendayo Rwanda na Burundi, na mahali penye wasafiri hapakosi wapangaji. Tukijenga vyumba vilivyobanana, bila madirisha, choo kimoja kwa familia kumi, tutaileta Tandale hapa kwetu bila kuleta mishahara ya Dar es Salaam.

Kwa hiyo nashauri haya:

1. Kila chumba cha kulala kiwe na madirisha mawili yanayotazamana, au dirisha na mlango, ili hewa ipite. Weka nondo na wavu wa mbu, usizibe.

2. Jiko liwe nje ya nyumba ya kulala, au liwe na bomba la kutolea moshi.

3. Choo kiwe mbali na kisima na upande wa chini yake, na pawepo maji na sabuni ya kunawia.

4. Mwenye kupangisha ajenge choo kabla ya kuongeza chumba kingine.

Na mtoto anapoaga, mzazi usiulize kodi peke yake. Muulize: Mtalala wangapi chumbani? Dirisha linafunguka? Maji yanatoka wapi? Choo ni cha watu wangapi? Kazini utafika kwa muda gani? Kisha jiulize maswali hayohayo juu ya nyumba yako mwenyewe. Pengine dirisha la kwanza la kupanuliwa ni la chumba wanacholala wadogo zake.