Mizizi ya Tangini: Mwekezaji Apime Lita, si Asilimia

Soko la dawa za mimea linawavutia wawekezaji wadogo, na bidhaa mojawapo inayonadiwa ni mizizi inayokuzwa ndani ya matangi badala ya shambani. Mfano mzuri ni jinsengi ya Korea Kusini. Mkulima husubiri miaka 4 hadi 6 kabla ya kuvuna, lakini mizizi ya tangini huwa tayari kwa wiki chache, bila kutegemea ardhi wala mvua.

Thamani ya mizizi hiyo imo katika ginsenosidi, kemikali ambazo majaribio ya maabara yameonyesha kuwa hupunguza uvimbe. Ili kuziongeza, wataalamu hutia tangini methili jasmoneti. Mzizi huifanya ishara ya kushambuliwa na wadudu, ukaanza kutengeneza kinga kwa wingi.

Hapo ndipo penye mtego. Muuza hisa atatangaza kwamba asilimia ya ginsenosidi imepanda maradufu, akanyamaza kuhusu upande wa pili: mizizi iliyotiwa kemikali hiyo hudumaa, na kilo zinazovunwa hupungua. Wajuzi huiacha ikue kwanza, wakaitia siku za mwisho.

Basi kabla ya kutoa fedha, mwekezaji aulize: lita moja ya tangi inatoa gramu ngapi za ginsenosidi, na kwa gharama gani ya umeme, sukari na usafi? Asipojibiwa, afunge mkoba. Mali bila daftari hupotea bila habari.