Ngoma ya mtoto isikwame mpakani

Ngoma, kayamba na ilimba zinapovuka Mutukula, Namanga au Rusumo, wengi huziona kuwa mapambo ya kuwauzia watalii. Kwa mtoto mwenye mtindio wa ubongo, hivyo ni vifaa vya mazoezi.

Kayamba hushikwa kwa mikono miwili, hivyo mkono dhaifu hujifunza kuufuata wenye nguvu. Ilimba ya Wagogo na ikembe ya Burundi hupigwa kwa vidole gumba, vile vile vinavyofunga kifungo cha shati na kushika kijiko. Ngoma humzoesha mtoto kupima nguvu na kungoja zamu yake.

Mwaka 1997 Michael Thaut na wenzake nchini Marekani walichapisha utafiti ulioonyesha kuwa wagonjwa wa kiharusi waliojifunza kutembea kwa kufuata mdundo waliongeza kasi na urefu wa hatua kuliko waliofanya mazoezi bila mdundo. Baadaye njia hiyo ilijaribiwa pia kwa watoto wenye mtindio wa ubongo. Muziki hautibu hali hiyo, wala hauchukui nafasi ya mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Lakini mtoto anayechoshwa haraka na zoezi anaweza kulirudia mara nyingi likiwa ni mchezo wa ngoma. Samaki mkunje angali mbichi.

Njia ya kuvifikisha vyombo hivi ipo. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inasamehe ushuru wa vifaa vya kuwaendeleza watu wenye ulemavu kielimu, vikiwa vya taasisi iliyoidhinishwa na serikali. Bidhaa iliyotengenezwa ndani ya Jumuiya na yenye cheti cha uasili nayo haitozwi ushuru wa forodha. Kwa mzigo usiozidi dola 2,000 za Marekani, cheti kilichorahisishwa hutolewa mpakani kwa bidhaa zilizo kwenye orodha iliyokubaliwa.

Serikali zibandike orodha hiyo mipakani kwa Kiswahili, na ngoma ziongezwe pale zisipokuwemo. Shule zenye watoto hawa ziombe idhini kabla ya kuagiza. Naye mfanyabiashara aulizie cheti kabla ya kulipa chochote, kwa kuwa ushuru usiostahili huishia kwenye bei, na mzazi wa mtoto huyo ana gharama za kutosha tayari.