Bima ya nyumba: tusome kwanza kile haitalipa

Vijana wenzetu wa Goma, Bukavu na Uvira,

Tangu sheria ya 17 Machi 2015 ilipomaliza ukiritimba wa SONAS, kampuni za watu binafsi nazo zinauza bima mu inchi yetu. Ni vizuri. Lakini sisi tulio na dipolome bila kazi tuko na wakati wa kusoma mukataba mpaka mwisho, na kule njo kuko neno lenyewe: orodha ya mambo ambayo bima hailipe.

Mara nyingi utakuta mule vita, fujo, tetemeko la udongo, volkano na mafuriko. Sasa tuulizane: kwetu nyumba zinaangushwa na nini? Goma, 17 Januari 2002, moto wa Nyiragongo ulipita katikati ya mji. Tarehe 22 Mei 2021 ulirudi, ukameza nyumba mpaka Buhene. Uvira, Aprili 2020, mto Mulongwe ulibeba nyumba. Kalehe, Mei 2023, maji na matope vilifunika Bushushu na Nyamukubi. Na bomu haiulizi kama umelipa bima.

Kuko na mengine: nyumba iliyoachwa tupu kwa muda mrefu, ukuta uliochakaa, vitu vya mupangaji kama mwenye parsele alilipia majengo peke yake.

Hesabu ya kampuni tunaielewa. Nyumba moja ikiungua, makuta ya wengi inalipa. Volkano inachoma maelfu siku moja, na mfuko unaisha. Lakini pale kampuni inashindwa, Serikali njo inapashwa kusimama. Maroko, tangu 2020, bima za nyumba zinabeba pia majanga, na kuko mfuko wa mshikamano kwa wasio na bima.

Kwa hiyo tunaomba:

1. ARCA ilazimishe orodha hiyo iwe ku ukurasa wa kwanza, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili, na isomwe mbele ya mteja kabla hajasinya.

2. Bunge na Serikali waunde mfuko wa majanga, wenye hesabu zinazoonyeshwa kwa raia.

Na wewe, mbele ya kusinya, uliza: volkano je? Maji je? Vita je? Kama wanakubali kuongeza kwa malipo ya ziada, iandikwe. Neno la mdomo halijengi nyumba.

Tusome, tuulize, tudai.