Kuumikwa mgongo: jua faida yake, jihadhari na wembe

Kama unabeba mizigo kila siku kati ya Gisenyi na Goma, au unalala chini katika kituo cha Nkamira, maumivu ya mgongo unayajua. Huenda jirani ameshakushauri ukaumikwe. Kabla hujavua shati, soma haya.

Kuumika si jambo geni kwetu. Waswahili wa pwani huita pembe ya kuumikia chuku, Waislamu wengi wanaijua hijama, na kwa Kinyarwanda husemwa kurumika. Wachina nao wana desturi hiyo tangu kale, na leo hutumia zaidi vikombe vya kioo au plastiki. Mwaka 2016, muogeleaji wa Marekani Michael Phelps alipoonekana kwenye Olimpiki ya Rio akiwa na alama za duara mwilini, watu duniani kote wakaanza kuiulizia tiba hii.

Je, inasaidia? Inategemea ni ipi, maana ziko mbili.

Ya kwanza ni kuumika kukavu. Kikombe huvuta ngozi bila kuichanja. Baadhi ya tafiti zimeonyesha kwamba wenye maumivu ya shingo na mgongo hupata nafuu ya muda. Lakini nyingi ni ndogo, tena ni vigumu kujua nafuu hiyo imetokana na kikombe au na imani, kwa kuwa mgonjwa anajua wazi kwamba ameumikwa.

Ya pili ni ya kuchanja na kutoa damu, na hapa ndipo penye hatari. Wembe au pembe iliyotumika kwa mwingine inaweza kukuambukiza virusi vya UKIMWI au homa ya ini aina ya B na C. Mwaka 2018 Rwanda ilianza mpango wa kutokomeza homa ya ini aina ya C. Kila wembe unaoshirikiwa unaturudisha nyuma. Tukumbuke pia kwamba Ebola ilifika Goma Julai 2019, na Marburg ikaua watu 15 hapa Rwanda mwaka 2024. Yote mawili huenea kwa damu na majimaji ya mwili, na homa yake mwanzoni hufanana na malaria.

Wengi huambiwa kwamba damu nyeusi inayotoka ni uchafu. Sivyo. Ni damu yako ile ile, iliyotuama na kuanza kuganda. Mama mjamzito, mtoto, au mtu aliyetoka kuugua malaria hana damu ya kupoteza.

Hatusemi uwadharau wazee wetu. Tunasema uulize. Je, watachanja? Kama ndiyo, kataa, hasa ukiwa na homa. Kama ni kikombe kikavu, je, kimeoshwa na kutakaswa? Na je, umeambiwa uache dawa za presha, kisukari au UKIMWI? Ukiambiwa hivyo, ondoka.

Mgongo unaouma pamoja na homa, miguu kufa ganzi au kushindwa kuzuia mkojo hauhitaji kikombe. Unahitaji daktari leo hii. Vivyo hivyo mtoto anayepumua kwa shida. Nenda kituo cha afya kilicho karibu, au piga 912 uombe ambulensi. Na kama ulishachanjwa zamani, omba upimwe homa ya ini na VVU. Ugonjwa ukijulikana mapema, dawa zipo.