Joistiki haichaguliwi kwa taa!

Natumaini mfukoni kumebaki kitu kidogo, maana leo nataka tuuzungumzie huo mshiko kabla hujaupeleka kusikofaa.

Naona masela wengi siku hizi wanazisaka mashine za gemu za zamani. Zile zile zilizotutoa jasho baada ya mwaka 1994, Tanzania Bara ilipoanza kupata vituo vya luninga na seti zikawa zinaingia sebuleni moja baada ya nyingine. Mashine ukiipata ni raha, lakini kasheshe linaanza kwenye kitu cha kushika mkononi. Hapo ndipo watu wanapouziwa mbuzi kwenye gunia, kweupe kabisa!

Kuna kijana mmoja wa Temeke tulikutana Kariakoo juzi juzi. Kadunduliza laki mbili kwa miezi mitano akiuza mitumba, anataka kufungua kibanda cha gemu za kale pale maskani kwao. Mama yake kamwambia wazi, hiyo pesa ikipotea asimwone anarudi kuomba nauli. Basi jamaa kasimama mbele ya meza, kakodolea macho joistiki moja kubwa, ina taa nyekundu na buluu, ananiuliza, "Braza, si nichukue hii tu?" Nikamwambia tulia kwanza, mdogo wangu. Na wewe msomaji tulia hapo hapo, nikupe niliyompa yeye.

Kwanza kabisa, unacheza mashine gani? Usicheke, hili ndilo linalowaliza wengi. Plagi yenye matundu 9 utaikuta kwenye joistiki ya Atari 2600 ya mwaka 1977, utaikuta kwenye padi ya Sega Mega Drive ya mwaka 1988, na utaikuta kwenye padi za mashine nyingi za kuiga Famicom ya Nintendo. Kwa sura ni mapacha, lakini kwa tabia kila mmoja na baba yake. Atari inapeleka umeme kwenye jino la 7, Mega Drive kwenye jino la 5. Kwenye Atari kila upande wa joistiki una waya wake, wakati hizo za ukoo wa Famicom zinapeleka habari za batani zote kwa foleni, moja baada ya nyingine, katika waya mmoja. Padi ya Mega Drive itakubali kwenye Atari 2600, lakini usijaribu kila tundu kwa kubahatisha. Kuingia si kuoana, bwana! Unaweza ukaiunguza mashine ambayo fundi wa kuifufua utamtafuta kwa tochi.

Na kama umepata Famicom yenyewe ya Kijapani ya mwaka 1983, padi zake mbili zimeungwa moja kwa moja kwenye mashine, hazichomoki. Kubadili pale ni kazi ya kufungua skrubu.

Pili, unacheza gemu gani? Hapa ndipo ule mjadala wa vijiweni, joistiki au padi? Mimi nasema kila nyama na kisu chake. Gemu za kurukaruka, zile za kukimbia, kuruka shimo na kukanyaga adui kichwani, zilitengenezwa kwa ajili ya msalaba wa kidole gumba. Msalaba ule ni kazi ya Gunpei Yokoi wa Nintendo, ulitokea mwaka 1982 kwenye kigemu cha mkononi cha Donkey Kong. Kidole kinakwenda kidogo tu na mtu wako kesharuka. Ukimpelekea mchezo huo joistiki ndefu, mkono unasafiri kutoka Ubungo hadi Posta na shimo limeshakumeza.

Lakini kwa ndege za kurusha risasi na gemu za ngumi, joistiki ni bab kubwa, maana gemu nyingi za namna hiyo zilianzia kwenye yale makabati ya kutumbukiza sarafu. Chukua Street Fighter II iliyotoka mwaka 1991. Inataka batani sita, ngumi tatu na mateke matatu. Padi ya kwanza ya Mega Drive ina batani tatu tu pamoja na Start, kwa hiyo ukitaka kuhama kutoka ngumi kwenda mateke unabonyeza Start katikati ya kipigo. Noma! Ndiyo maana mwaka 1993 Sega wakaleta padi ya batani sita. Nayo ina siri yake: gemu nyingine za zamani zinachanganyikiwa zikiiona, basi unashikilia batani ya Mode wakati unawasha mashine, yenyewe inajifanya ya batani tatu na mambo yanakwenda.

Zile mbwembwe za tabo na mwendo wa polepole zisikuzuzue. NES Advantage, joistiki ya Nintendo ya mwaka 1987, ina batani ya kupunguza mwendo, lakini kinachofanyika ni kubonyeza Start haraka haraka ili gemu isimame na kwenda, isimame na kwenda. Ujanja wa mjini huo!

Tatu, angalia tumbo lake. Chini ya batani za padi nyingi kuna raba yenye kidoti cheusi kinachogusa bodi ukibonyeza. Raba ikichoka au ikishika uchafu, unabonyeza mpaka kidole kinapata sugu. Mara nyingi usafi wa spiriti unaitosha, na ikishindikana unabadili raba, si padi nzima. Joistiki nzuri ina swichi ndogo nne zinazolia ta! ta! kila ukisukuma, moja kwa kila upande, na ukienda pembeni mbili zinabonyea pamoja. Swichi ikifa unabadili hiyo moja. Zile rahisi rahisi zina kibati chembamba au plastiki iliyogundishwa kwa gundi, ikivunjika ni jalalani. Na kama unanunua padi ya mtumba ya Nintendo 64, ile mashine ya mwaka 1996, kishike kijiti cha katikati. Kikilegea kama jino la mtoto wa darasa la kwanza, achana nacho, plastiki imeshajisaga.

Ukifika dukani usione haya. Mwambie muuzaji akuwashie. Zungusha joistiki taratibu duara zima, pande nane zote ziitike. Bonyeza kila batani mara ishirini. Kunjakunja waya pale shingoni unapoingia, maana ndipo unapokatikia. Iweke mezani uone kama inatulia au inacheza mdundiko, kwani joistiki nyepesi itakuumiza kifundo cha mkono kwa kuikamata isitembee. Muuzaji akikataa kukujaribishia, msalimie vizuri uondoke.

Vipi zisizo na waya? Za kisasa zilizo nzuri zipo, lakini kumbuka gemu hizi zinakwenda picha 50 au 60 kwa sekunde, kila picha inakaa milisekunde 16 hadi 20. Padi ikichelewa kidogo, na luninga bapa nayo ikichelewa kidogo, umeshakufa kabla hujaruka. Washa ile hali ya gemu kwenye luninga yako kabla hujamlaumu mtu. Na bastola ya NES usiinunue kabisa kama huna luninga ya chogo, kwenye hizi bapa haioni kitu.

Basi yule kijana nikamwambia hivi: kwa kibanda, taa hazilipi kodi. Chukua padi nne za waya, za mashine hiyo hiyo uliyonayo, mbili za kazi na mbili za akiba. Ongeza joistiki moja ya swichi kwa wapenda ngumi. Inayobaki nunua raba na chupa ya spiriti, halafu mpe mama akushikie kidogo. Mteja wa kibanda hasubiri fundi, padi ikigoma jioni moja anahamia kwa jirani na kijiwe chake chote.

Na wewe unayechezea nyumbani, sheria ni hiyo hiyo: mashine kwanza, gemu pili, mkono wako tatu. Taa ziachie miti ya Krismasi.

Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda. Na mdogo wako umwachie padi nzima, siyo ile mbovu!