Usiizibe mdomo kompyuta yako

Samahanini kwa ukimya, chumba cha habari kimenibana wiki nzima. Leo naomba tuongee kidogo kuhusu R, ile programu ya takwimu iliyoanzishwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman pale Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand. Ni ya bure, kwa hiyo sisi waandishi wa mifuko mitupu inatufaa sana.

Ila ina domo! Ukiita kifurushi kama dplyr, inamwaga maelezo. Ukiendesha hesabu kwenye mafaili kumi, skrini inajaa mpaka jibu lenyewe hulioni. Dawa zipo. suppressMessages() hunyamazisha taarifa za kawaida, suppressWarnings() hunyamazisha maonyo. Yale yanayochapwa kwa print() au cat() hayasikii hizo mbili. Unayakamata kwa capture.output() au kuyapeleka kwenye faili kwa sink(). Ukisahau kuifunga hiyo sink(), utakaa unashangaa kompyuta imekununia.

Sasa kisa. Hivi karibuni nilikuwa na orodha ya idadi ya wanafunzi katika shule za wilaya moja. Nimechoka na kelele, nikafunika hesabu yote kwa suppressWarnings(). Kimya! Wastani ukatoka, nikaandika kwamba msongamano si mkubwa kama wazazi wanavyolalamika. Mhariri wangu, mzee ambaye hata hiyo R haijui, akatazama jedwali akaniuliza:

"Bwana mdogo, wilaya nzima hakuna shule yenye watoto elfu?"

Nikarudi kuchimba. Shule ndogo ziliandikwa 850, 920. Zilizofika elfu na kuendelea ziliandikwa kwa mkato: 1,250. Kwa R huo mkato unafanya kitu kizima kiwe maandishi, si namba. as.numeric() ikageuza zote kuwa NA, na mimi kwa na.rm = TRUE yangu nikazitupa nje ya wastani. Yaani shule zilizofurika ndizo zilizopotea! R ilitaka kuniambia, nikaiziba mdomo. Nikaondoa mikato kwa gsub(), nikapiga hesabu upya, na habari ikapinduka miguu juu.

Ndiyo maana nasema: taarifa nyamazisha, onyo lisome kwanza. Ukishajua halina madhara, nyamazisha mstari ule mmoja tu. Anayeanza kazi kwa options(warn = -1) anajifunga kitambaa machoni. Mimi siku hizi naweka warn = 2, onyo lolote linasimamisha kazi palepale. Inaudhi, lakini nalala usingizi.

Sisi waandishi ndio wa kwanza kupiga kelele tukizibwa mdomo. Sasa inakuwaje tumzibe mdomo shahidi wetu wenyewe, tena kabla hajamaliza sentensi? Kama nakosea, nirekebisheni.